Mtu wa Kumi Alikuwepo

Sogeeni wanangu, sikilizeni, kwa maana sauti niliyo nayo mchana huu sidhani kama nitaamka nayo kesho. Rahamim, kaa huku upande wa sikio langu zima. Milka, mama yangu, weka chini huo uji, tumbo langu limeshaaga kabla yangu. Na wewe Siman, izime hiyo simu. Bombay haitaanguka ukiipa mgongo kwa saa moja. Nina mambo ya kugawa na nina jambo moja la kukiri, na nitaanza na ya kugawa kwa sababu ndiyo mepesi, na kwa sababu baba yenu ni mwoga, jambo ambalo mtalijua vyema kabla sijanyamaza.

Nyumba hii ni ya Milka, kuta zake na kisima chake na deni lake la kupangwa vigae kila masika. Ndugu zako wasikununie, mwanangu, maana wao waliondoka na wewe ukabaki, ukafundisha watoto wa watu mchana na kunigeuza mimi kitandani usiku, na mwenye kubaki ndiye anayejua paa linavujia wapi. Siman, shamba la mpunga la ng'ambo ya mto ni lako pamoja na minazi kumi na minne, ila usimuuzie yule bwana anayejenga hoteli, hata akikuletea peremende za watoto na kukuita kaka. Rahamim, wewe ni wa kwanza, na kilichobaki kwako ni kinu cha mafuta cha babu yako. Kimesimama miaka thelathini, najua, na huko Dimona ulikohamia huna pa kukiweka, lakini kwa kinu kile watu wa nchi hii walitutambua. Walituita wakamuaji mafuta wasiofanya kazi Jumamosi kabla hatujajua wenyewe tuitwe nani. Shali yangu ya sala haina mrithi, nazikwa nayo. Na ule ugomvi wa mpaka na wajukuu wa Musaji, umalizeni. Waachieni mfenesi. Nimegombania mafenesi yale miaka ishirini na sikuwahi kuyapenda.

Sasa tuje kwenye ufunguo wa sinagogi, na tuje kwenye lile jiwe.

Rahamim, najua ulipanda ndege kwa ajili ya kumwona baba yako, lakini hukuja mikono mitupu. Jiwe liko barazani limefungwa blanketi, na Milka alinisomea maandishi yake juzi, kwamba wenzetu waliohamia huko wameagiza lichongwe hivi: Hasaji Wakrulkar, mkadamu wa sinagogi hili miaka arobaini na mitatu, aliyetukusanya. Aliposoma neno hilo la mwisho niligeukia ukutani, nanyi mkatoka kwa kunyata, mkaambiana kwamba mzee analia kwa furaha. Wanangu, sikuwa nalia kwa furaha. Nilikuwa natafuta mahali pa kuuficha uso wangu, na mtu mgonjwa hana mahali pengine ila ukutani.

Mnajua kazi ya mkadamu kwa kuwa imekula utoto wenu. Halipwi, wala hapewi hata shukrani ya kushiba. Ndiye afunguaye mlango, ndiye aitaye watu harusini na mazikoni, ndiye asemaye nani apande kusoma Torati na nani angoje Sabato ijayo, na wakichukiana ndiye wa kuchukiwa na wote. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na jengo. Watu walinipa kazi hiyo kwa kunyoosha mikono, mwaka wa pili tangu jamaa zetu waanze kuhama kwa wingi, na nilishinda kwa tofauti ya mkono mmoja tu. Mkono huo ulikuwa wa Musaji, ami yake mama yenu, mwenye mashamba na mwenye mdomo. Nilipopokea ufunguo alinivuta pembeni, akaniambia, "Hasaji, tumekupa ufunguo. Usitufungulie kila mtu." Nikacheka. Nilijua anamsema nani, nikacheka.

Alikuwa anamsema Eloji Pezarkar. Nyinyi mnamjua kama Mzee Eloji wa madirisha, kwa kuwa kila Ijumaa tangu mpate akili mmemwona akiyafungua yale madirisha kumi na mawili ili sinagogi lipumue. Hamkumjua akiwa kijana wa miaka thelathini, seremala, mpole, mwenye kukaa benchi la mwisho kando ya viatu. Babu yake alimwingiza mwanamke wa nje nyumbani bila ndoa ya sheria yetu, na kwa kosa la babu, wajukuu wakaitwa Weusi na sisi tukajiita Weupe. Na ukitupanga sote juani, hata mama zetu wasingejua nani ni nani. Siku ya kumwadhimisha Nabii Eliya, sinia la malida lilipita kwetu kwanza, tukajipakulia pepeta na nazi na matunda, kisha wao. Bombay walikuwa wameshautupa upuuzi huo. Huku kwetu ulibaki kama harufu ya samaki kwenye chungu kilichooshwa: huioni, lakini kila apikaye anaijua.

Masika yale alikufa mama yake Eloji, Bibi Ribka. Huyo ndiye aliyekupokea wewe Rahamim ulipozaliwa umetanguliza miguu, akakaa na mama yenu siku mbili bila kurudi kwake. Mikono ya Weusi ilikuwa safi kwa kazi hiyo, kwa kuwa hatukuwa na mkunga mwingine. Alizikwa Jumatatu, na watu walijaa kutoka vijiji vya jirani. Jumamosi Eloji alikuja kumsomea Kadishi, ile sala ya marehemu ambayo bila wanaume kumi haisemwi. Mvua ilikuwa imekata barabara, wa vijijini hawakuweza kufika, na mle ndani tulikuwa wanaume kumi tu, yeye akiwa mmoja wetu.

Mnajua kwamba hatuhesabu watu kwa namba kama mbuzi. Tunasoma ile aya ya Zaburi yenye maneno kumi, inayomwomba Mungu awaokoe watu wake na kuwachukua hata milele, kila mtu na neno lake, na neno la kumi likipata mtu basi sala inasimama. Nilianza benchi la mbele. Nikampa Musaji neno lake, nikawapa wengine, nikajipa langu, nikafika nyuma kwa Eloji, amevaa shati lililochanwa ukosi kwa msiba, ananitazama kinywani kama mtoto anayengoja kulishwa. Nikahisi jicho la Musaji kisogoni. Nikauona ule mkono mmoja ulionipa cheo ukishuka. Na lile neno la mwisho, wanangu, nililimeza. Nikageuka, nikasema, "Hatujatimia, tungoje."

Tukangoja. Tuliketi saa nzima tukisikiliza mvua, watu kumi wakimngoja mtu wa kumi. Hakuna aliyefungua mdomo, na hilo nalo nililichukua kama ushahidi kwamba nimefanya sawa. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Torati haikusomwa, Kadishi haikusemwa. Eloji akanijia pale mlangoni, kwa adabu, sauti ya chini, akasema, "Mkadamu, labda ungerudia tena. Huenda umeruka mtu."

Nikamjibu, "Sijaruka mtu, Eloji."

Sijaruka mtu. Nimeyabeba maneno hayo mawili miaka arobaini na miwili, na kila nikiyageuza hayana upande mzuri. Yeye aliinamisha kichwa. Akazunguka, akafunga madirisha moja baada ya jingine kwa sababu mvua ilikuwa inaingia, yote kumi na mawili, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Mimi nikafunga mlango kwa ufunguo wangu mpya.

Milka, nipe maji kidogo. Kitambaa tu, nilowanishie midomo. Hapo, panatosha.

Kama mambo yangeishia hapo ningejitetea kwamba ndivyo tulivyolelewa, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hayakuishia hapo. Wiki tisa baadaye alikufa baba yangu. Mvua zilikuwa zimekwisha, jua kali, na tulipofika makaburini mkadamu mpya, ndiye mimi, akatazama huku na huku akaona ya kwamba watu wake ni tisa. Wa kumi alikuwa ndani ya shimo. Alikuwa amelichimba tangu alfajiri bila kuitwa na mtu, udongo umemfika kifuani, sepetu mkononi. Nikaanza ile aya. Nikafika kwake, na neno la kumi likatoka kinywani mwangu laini kama mafuta ya nazi. Sikukwama hata chembe. Kwa mama yake hakuwa mtu, kwa baba yangu akawa mtu.

Aliniangalia mara moja. Nilidhani ataweka sepetu chini aende, na kama angekwenda ningestahili, na baba yangu angelala bila Kadishi kwa mikono yangu mwenyewe. Hakwenda. Alipanda kutoka shimoni, akapangusa mikono kwenye suruali, na kila nilipotua aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Musaji alikuwa hapo hapo, naye akaitikia.

Kuhusu huyo Musaji nimalize kabisa, maana Mungu ana mzaha wake. Miaka kumi baadaye, amezeeka, hana tena mashamba wala mdomo, nilimuuliza kama anaikumbuka Sabato ile ya mvua alivyonikazia jicho. Akanishangaa. Akasema, "Mimi? Siku ile nilikuwa nasinzia, bwana. Niliamka watu wanatoka." Mwaona? Nilimfuta mtu kwa kumwogopa mzee aliyelala.

Unasema nini, Rahamim? Ya kale hayo, nani anayakumbuka? Eloji anayakumbuka. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, ila mimi Mungu alininyima hata hiyo nafuu ya watenda, sikusahau. Nilijaribu njia zote isipokuwa ile moja. Mwaka uliofuata nilifuta desturi ya sinia, nikaamuru malida ipite benchi kwa benchi kuanzia mlangoni, nikamwita Eloji apande kusoma Torati wa pili baada yangu. Watu wakanisifu kwamba mkadamu ana moyo mpana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaanza kuamini sifa zangu. Nilihutubia harusini kuhusu umoja. Yule niliyemvua nguo mbele za watu nilimrudishia kanzu kimyakimya, nikataka nishukuriwe kwa kanzu.

Na kila mkesha wa Siku ya Upatanisho, mlipokuwa mmekaa nami mbele, nilisimama jinsi desturi inavyotaka, nikasema, "Ndugu zangu, wote niliowakosea mwaka huu kwa kujua au kutojua, nawaomba mnisamehe." Msamaha wa jumla, kama mtu anayenunua viazi gunia zima asilazimike kukitazama kimoja kimoja. Nao wakaitikia kwa pamoja, "Tumekusamehe." Wanangu, kila mwaka niliitazama midomo ya Eloji. Alikuwa benchi la pili wakati huo, mbele ya macho yangu. Wengine wakiitikia, yeye alikuwa akifungua kitabu kutafuta ukurasa. Mara arobaini na mbili ameutafuta ukurasa ule. Nilijua alichokuwa akingoja, ni jina lake kinywani mwangu na tendo langu baada ya jina lake. Ni sentensi moja. Nimejenga upya paa la sinagogi, nimeozesha watu mia na kitu, nimezika wengi kuliko hao, na sentensi moja imenishinda. Kila nilipoikaribia niliona wale wanaoniita mkadamu wakinitazama upya, nikarudi nyuma.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Juzi, Milka anajua, nilipoona miguu imeanza kupoa nilimtuma kwa Mzee Eloji akamwambie kwamba namwomba radhi kwa jambo la mama yake. Tazameni, hata hapo nilimtuma mtoto. Milka alirudi akaniambia, "Amesema kukuzika atakuzika, hiyo ni kazi yake." Nilimwona usoni kwamba amenikatia maneno nusu, nikambana mpaka akayatoa. Eloji alisema, "Kumzika nitamzika, hiyo ni kazi yangu. Hilo jingine alilisema kwa kinywa chake, mchana, watu wakisikia. Na kulitengua hatumwi mtu." Usilie, Milka. Amesema haki. Nimekuwa nikiisubiri hukumu hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilipoisikia nilipumua.

Basi yashikeni haya, maana pumzi zinaanza kunipiga chenga.

Jiwe hilo lisibandikwe. Rahamim, najua umelibeba kwa mapenzi, na wenzako watakuuliza. Waambie baba amekataa, na wakikuuliza sababu usiwafiche. Ukiona haya kuisema, basi utakuwa umerithi kitu kutoka kwangu ambacho sikukigawa.

Siku ya mazishi yangu mtajihesabu. Nimeshafanya hesabu hiyo hapa kitandani: nyinyi wawili, wajukuu watatu wa Musaji, wale wanne wa kijiji cha bwawani, hao tisa, na Eloji. Jana nilikusikia Rahamim ukisema utapiga simu Bombay waletwe wanaume watatu kwa gari, kwa usalama. Usipige. Asiletwe hata mmoja. Mtafika kwa Eloji na neno la kumi mtamuuliza, kwa heshima, kama anakubali kuhesabiwa. Akikubali, Kadishi ya kwanza isomwe ya Bibi Ribka binti Daudi, mwanawe akitangulia na nyinyi mkiitikia kwa sauti, na yangu iwe baada yake. Akikataa, asiulizwe mara ya pili, asitazamwe kwa jicho baya na yeyote aliyetoka kiunoni mwangu. Mnifukie bila Kadishi mrudi nyumbani mkale. Mama yake alikosa, na mimi nitakosa, tutaulizana huko tuendako.

Ufunguo uko chini ya mto wangu. Atauchukua Eloji akitaka, lakini msimpe kabla hajanijibu, asije akadhani namnunua kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Akikataa uwe kwa Milka. Wajukuu wa Musaji watanung'unika kwamba mkadamu mwanamke hajapata kuonekana. Wanung'unike. Wamezoea kunipa mkono mmoja, wampe na yeye. Na Milka, sikia, siku ukisimama mbele ya watu na ile aya mdomoni, watazame wote usoni kabla hujaanza. Usimwogope mtu anayekutazama. Huenda amelala.

Njoo... sogezeni vichwa vyenu, mikono yangu haifiki. Rahamim na Siman, Mungu awafanye kama Efraimu na Manase, ndugu wawili waliobarikiwa pamoja wasichukiane. Milka, akufanye kama Sara na Rebeka na Raheli na Lea, akupe na watu wa kukutunza kama ulivyonitunza. Mkate wenu usiwe wa kuomba. Uongo usikae nanyi nyumba moja hata siku ukija umevaa nguo za sala.

Sasa inueni kitanda.

Ndiyo, nimesema kitanda. Ni kamba na miti minne tu, na mimi nimebaki mifupa. Siman shika miguuni, Rahamim kichwani, Milka utangulie kufungua njia. Najua daktari alivyosema. Daktari hana deni na Eloji. Ni nyumba tatu tu, kupita kisima... na saa hizi soko linavunjika, barabara imejaa watu, ndiyo saa ninayoitaka. Msinifunike uso. Akitoka aone ni nani.

Nitamwita kwa jina. Nitasema nilichofanya, mahali na siku... nitasema sikumruka kwa bahati mbaya. Mkiona sauti imenikauka msinisaidie, msinisemee. Atangoja. Amezoea kunisubiri yule...

Taratibu hapo kizingitini. Na nikikata roho njiani, wanangu, msinirudishe nyumbani. Nendeni mbele tu, mkaniweke mlangoni kwake, mbele za watu, mmwambie baba alikuwa anakuja.